Maji Tuliyoyachemsha Njia ya Kwenda Ziwani

Baba Milembe wangu,

Sikuulizi habari za huko, maana hata ulipokuwa Kagongwa na mimi niko kwa mama yangu Kharumwa, barua zangu hukuwahi kuzijibu. Ulikuwa unasubiri nirudi ndipo unijibu zote kwa mdomo, sebuleni, umevua viatu. Hii naiandika mbele za watu kwa sababu wanafunzi wako wakikutana nami sokoni, baada ya shikamoo swali ni lile lile: "Mama, ile safari ya mwalimu mliimaliza?" Nawaambia bado. Leo nataka nikueleze wewe kwanza kwa nini ni bado.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulikuwa tumeoana juzi tu, ukarudi kutoka shuleni na kipimajoto kirefu cha maabara, kilichokuwa kitupwe kwa sababu namba zake zimefifia, ukaniambia tuchemshe maji. Nikauliza, ya chai? Ukasema, ya kupima nchi. Ukanieleza kwamba yule mpelelezi wa Kizungu aliyepita huku kwetu zamani akitokea Tabora, akilitafuta ziwa, alikuwa akichemsha maji njiani. Ukiwa juu, maji huchemka kabla hayajapata moto sana, na ukisoma kipimajoto unajua umepanda kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Mimi nimepika tangu nipate akili, na sikuwahi kujua kwamba sufuria yangu inajua mambo hayo.

Siku ile nilikuudhi. Nilisema, mtu gani anagundua ziwa ambalo amewakuta watu wanavua samaki? Tena amebebewa mizigo na babu zetu, wengine wakilijua kabla yake. Hukubisha. Ulisema, "Ziwa hakuligundua yeye, hilo nakupa. Ila liko juu kiasi gani, hakuna aliyekuwa amepima. Hicho ndicho alichokipata, kwa sufuria." Ukaongeza kwamba aliyelibeba sanduku la vipimo kichwani naye alistahili sifa, ila hakuna aliyejali kuandika jina lake. Kwenu mnasema babu wa babu yako alikuwa mpagazi katika msafara ule. Nilipokuuliza una uhakika gani ulicheka, ukasema babu zetu wote walikuwa wapagazi, hapo huwezi kukosea.

Basi ikawa safari yetu. Kila likizo kipande kimoja cha njia kuelekea kaskazini, na jiko la mkaa, na sufuria, na kipimajoto umekizungushia taulo. Wenzangu walikuwa wanapelekwa na waume zao kununua vitenge, mimi napelekwa kuchemsha maji. Na utaratibu wako haukuwa na mchezo: nasoma mimi kwanza, nanyamaza, unasoma wewe, ndipo tunatajiana. Zikilingana, unaichora namba kwa msumari ubavuni mwa sufuria. Zisipolingana tunachemsha upya. "Kikisomwa na mtu mmoja bado si kipimo," ulikuwa unasema. "Hayo ni maoni yake." Kisha natia majani tunakunywa chai, maana mkaa hauokotwi.

Namba zenyewe zilikuwa karibu sawa kila mahali. Nikakuuliza, "Baba Milembe, miaka yote hii tunatembea na sufuria ili tuambiwe kwamba Usukumani ni tambarare?" Ukanijibu kwamba sasa tuna uhakika.

Maganzo sitaisahau. Tuliweka jiko kando ya barabara, wachimbaji na madalali wa almasi wakaanza kusogea mmoja mmoja, wakidhani tumekuja na mtambo mpya. Mmoja, kajaa vumbi mpaka kwenye kope, akakuamkia kwa adabu zote kisha akakunong'oneza, "Mwalimu, hicho kinasoma almasi?" Ukasema hapana, kinasoma urefu wa nchi. Akafikiri kidogo. "Na huo urefu, mnunuzi wake nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulimweleza yote kama ulivyokuwa ukiwaeleza wanafunzi, tangu mpelelezi mpaka mvuke, na mwisho yule bwana akasema kwa Kisukuma, "Gete?", yaani kweli kabisa, akavuta jiwe akakaa, akanywa chai yetu.

Kilibaki kipande cha mwisho, kile kilima cha upande wa Mwanza ambako inasemekana ndipo msafara ulipoyaona maji. Ulisema hicho tusikikimbilie, tutakwenda ukistaafu, tukae huko mchana kutwa. Nafasi yake uliiacha kwenye sufuria, chini ya namba nyingine zote.

Halafu zikaja zile homa. Hospitalini nesi alikuwekea kipimo kwapani, akakisoma, akawa anaondoka. Ukamzuia kwa mkono. Sauti ilikuwa imebaki ndogo sana. "Usiseme kwanza," ukamwambia. "Mpe na Mama Milembe asome." Yule nesi alinitazama, nikampa ishara anipe tu. Nikasoma huku namwomba Mungu zisilingane. Tukatajiana, zikawa sawa. Ukasema, "Basi ni kweli," na tangu hapo hukuuliza tena chochote kuhusu ugonjwa wako.

Nimeumia, Baba Milembe. Watu wananiambia nitazoea, na mimi sitaki kuzoea. Nikichemsha maji asubuhi bado nasimama mbele ya sufuria kama anayengoja mtu atoke chumbani. Kuna siku nakukasirikia kabisa, kwamba ulikuwa na subira na kila kitu isipokuwa kukaa na mimi.

Mwezi uliopita Milembe alikuja likizo. Akaniambia, "Mama, twende tukammalizie baba safari yake." Nilikataa, nikasingizia magoti. Kilichonitisha sicho hicho. Njia ikiisha, nilijua na wewe utakuwa umeniishia. Lakini mwanao ana kichwa kama chako, tukaenda.

Tulipopanda, ziwa lilikuwa pale chini, kubwa, na watu wanavua samaki. Milembe alitoa simu. "Mama, hata humu wanaandika tuko juu kiasi gani." Nikamwambia airudishe mfukoni. Nikawasha mkaa, nikangoja maji yatokote sawasawa kama ulivyonifundisha, nikatumbukiza kipimajoto. Nikasoma. Nikanyamaza. Kisha nikasogea pembeni kidogo, ili nikupishe.

Maji yakaendelea kuchemka. Milembe akanigusa bega. "Mama, nisome mimi?"

"Hapana, ng'wanone, mwanangu," nikamwambia. "Acha."

Nilipokitoa kipimajoto alifungua pakiti ya majani akatia mwenyewe, akaanza kulia, tukalia wote wawili mpaka chai ikawa chungu. Msumari wako ulikuwa kwenye pindo la khanga yangu, sikuufungua. Ile nafasi kwenye sufuria iko vile vile, na namba niliyoisoma sijamtajia mtu. Kwa utaratibu wako hicho bado si kipimo, kwa hiyo wanafunzi wako wakiniuliza nitaendelea kuwaambia bado.

Mimi nimeshasoma, Baba Milembe. Imebaki zamu yako.

Ni mimi,
Mama Milembe