Kurasa Ndani ya Jalada la Baba

Rosh HaAyin

Kaka yangu Se'adya,

Pokea salamu za nyumbani, hasa za Mama, ambaye ameketi hapa kando akinihimiza nikuulize kama kile kikohozi kimeisha na kama huko Eilat unakula chakula cha maana. Sisi tu wazima. Mvua zimeanza na goti linamsumbua Mama, lakini ukimwambia apumzike anakwambia upumzike wewe.

Unaijua kazi yangu ya Yerusalemu: kutafuta kurasa za kale za Kiebrania ambazo wajalidi wa Yemen walizibandika ndani ya majalada ya vitabu, maana karatasi zilikuwa adimu. Wiki iliyopita Profesa Landsberg alikuja kutazama vitabu vya majirani, akapita kwetu. Alipokishika kile kitabu cha Torati alichokijalidi Baba kule Sanaa, Yemen, akaona herufi zikichungulia kwenye pembe iliyochanika. Akasema huenda zina miaka mia saba, akaomba jalada lifunguliwe.

Nikamwambia kitabu ni urithi wako, na wewe ulishakataa. Sikumficha sababu: ulimsikia mtu kwenye mhadhara akisema wajalidi wetu walikuwa wajinga walioharibu hazina, ukaapa hakuna atakayelichana jalada la Baba ili apate kumcheka.

Mama alikuwa akipakua supu. Akaweka upawa chini, akamuuliza profesa kama anadhani mumewe hakujua kusoma. Profesa akaona haya. Kisha Mama akaniagiza maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Nikasema tungoje ruhusa yako.

“Se'adya nimemzaa mimi,” akasema. “Lete maji.”

Basi kaka, hili ndilo ninalopaswa kukwambia: tumelifungua. Nilitegemea kurasa zipasuke, kama zinavyopasuka mezani kwangu kila mara. Hazikupasuka. Zilikuwa zimeshikizwa kingoni tu, kwa uji mwepesi wa unga, zikaachia moja moja. Ni sala ndefu ya kishairi, ambayo hata profesa hajawahi kukutana nayo, na haikupotea hata herufi moja.

“Uji niliupika mimi,” Mama akasema. “Wajalidi wenzake baba yako walitumia gundi kali. Yeye aliniambia, usiufanye mzito, iko siku mtu atazitaka hizi.”

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya miaka yote. Akasema mimi na wewe tulikuwa tunamtetea mtu asiyehitaji kutetewa, na hakuna aliyemuuliza yeye.

Kurasa ni zako. Utaamua wewe zikae wapi. Mama anakungoja Sabato hii. Anasema kama utanuna, nuna kwenye basi, ukifika mlangoni uwe umeshamaliza. Majirani wote wanakusalimu.

Profesa alikuwa ameandika kwenye taarifa yake kwamba kurasa “zilikutwa ndani ya jalada.” Nilimwambia afute. Sasa inasomeka: “Zilihifadhiwa na Salim ben Yosef Harazi, mjalidi wa Sanaa, na mkewe Shadhra.”

Mdogo wako,
Hamama