Goli la Kaskazini

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Kichwa-Ngumu,

U mzima huko, na mashine zako za ujenzi zinatembea? Mimi goti tu linanisumbua, mengine namshukuru Mungu.

Timu inahama. Imejengewa uwanja wenye paa nje ya mji. Huu wetu umeuzwa, utageuzwa maghala. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuniambia, na kreti ya soda, kama mtu aliyeleta posa. Nikamuuliza, "Na Baruti mnamwachia nani?" Akanifungulia soda.

Miaka yote hii Baruti, baba yako, nimekuwa nikimzuru kwa tiketi. Ukuta wa machimbo ulipowaangukia kazini, kampuni haikufukua. Ilisawazisha kifusi, ikatupa kiwanja badala ya maiti. Wenzake waliopona wakachonga ngazi za kukalia kwenye mwamba, wakaunda timu. Pale goli la kaskazini ndipo alipokuwa akitega baruti siku ile. Kila golikipa mgeni nilimwambia, "Kaka, taratibu, unamkanyaga mume wangu." Mmoja alichanganyikiwa akafungwa mawili! Sasa nani atampigia kelele?

Mama yako

Tarehe 19 Februari

Shikamoo Mama,

Goti ulipake dawa, si mafuta ya taa. Mimi mzima, kazi zinasukumana.

Usilie, nimeshapiga hesabu. Maghala yanataka msingi, na msingi unataka kuchimba. Hiyo kazi nitaiomba kwa bei ya chini ambayo hakuna mwingine atakayeithubutu. Toka kwenye nyasi hadi sakafu ya machimbo ni mita kumi na moja. Nitamtoa baba na wenzake wanane waliofukiwa naye, na tukiwafikia tutaweka mashine pembeni tushike koleo.

Na huyo Mwenyekiti usimshukuru. Wamejaza watu elfu nane juu ya kifua cha baba, wewe wakakupa jiwe la kukalia. Mimi nimebeba zege kichwani tangu nina miaka kumi na mitatu, na hakuna hata mmoja wao aliyesema, "Mtoto wa Baruti, njoo ule." Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Na baba nitamtoa mwenyewe.

Mwanao

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Habari za siku? Goti limesikia dawa.

Mwanzoni sikutaka afukuliwe, nilishamzoea pale. Lakini nikiwaza malori yakipita juu yake usingizi hauji. Haya, mtoe. Nimenunua shuka jeupe. Wajane tumebaki watatu, nimewaambia wote. Yule wa dereva akauliza tutajuaje yupi ni wa nani. Nikamwambia, "Dada, tutawalia wote, wako atakuwa humo humo." Akacheka, mara akalia.

Niambie siku.

Mama yako

Tarehe 27 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini goti halijarudia. Simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Kazi niliipata. Tukatoboa kupima udongo, kumbe kifusi ni kilegevu hadi chini. Mhandisi wa mnunuzi akakataza kuchimba: ukuta wa mwamba ungeshuka na nyumba zilizo juu yake. Akaamuru zege limwagwe juu kwa juu, nondo tabaka mbili, unene sentimita tisini. Nilibishana naye hadi sauti ikakauka. Ningekataa, mwingine angekuwa pale kesho yake.

Nikamwaga. Nilianzia kusini ili nijipe muda. Kaskazini bomba nililishika mwenyewe.

Ni zege zuri, Mama, miaka mia halipasuki. Sijui kwa nini nakuambia hivyo.

Siku hiyo ya kaskazini mlinzi aliniambia kuna akina mama watatu nje ya uzio wanauliza fundi mkuu. Nilimwambia aseme sipo.

Mwanao

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

U mzima? Mimi nipo.

Klabu ilinitumia gari twende uwanja mpya. Viti ni vya plastiki, nikakalishwa mbele na wakubwa. Tukafunga bao, watu wakaruka, wakanikumbatia nisiowajua. Mimi nikatazama chini. Chini hakuna mtu.

Zege sikulaumu. Mkono wa mgeni ungekuwa mbaya zaidi. Lakini tulisimama juani tangu asubuhi, na sauti yako tuliisikia ikimwambia mlinzi aseme hupo. Ungefungua geti, mwanangu. Tungesimama naye wote mpaka afunikwe.

Usije kwanza. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Mke wa Baruti