Zafarani Aliyeshika Mti wa Shiraa

Jumamosi, saa kumi alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, vichochoro vya Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, vimejaa matope na samadi ya punda, nami nimerudi nyumbani na miguu michafu na moyo mweupe. Niandike kabla furaha hii haijapoa.

Kwanza nikiri jambo.

Tangu usichana wangu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sisi tumetoka katika ile nyumba kubwa ya mawe kule Mkomani, yenye vidaka vya kupangia sahani ukutani na vyumba vinavyofuatana hadi ndani kabisa, ambako mabibi wa karne ya kumi na tisa waliishi bila kuonekana na mtu wa nje. Mama alisema hivyo, nami nikasema hivyo. Sikuwahi kuuliza tulitoka vipi.

Kwa hiyo mwalimu wetu mkuu, Madam Muthoni, aliponiomba nizungumze siku ya wazazi shuleni juu ya maisha ya nyumbani zama hizo, nilikubali papo hapo. Yeye ametoka Nyeri na anapenda sana habari za Lamu. "Wewe ni mtoto wa nyumba zenyewe, Mwalimu Rukia," aliniambia. Nikatabasamu kama mtu aliyepewa haki yake.

Wiki mbili zilizopita nilishuka chumbani kwa Bibi Esha, mamake Mama, ili anieleze habari za shiraa. Hicho kilikuwa kitambaa kikubwa kama hema dogo, kilichoinuliwa kwa miti. Mwanamke wa cheo akitaka kwenda kumtembelea nduguye, alitembea katikati ya kitambaa, na watumwa wakashika miti pande zote, hivyo njiani hakuonekana hata kisigino. Nilimuuliza Bibi jinsi mkubwa wetu wa zama hizo alivyojisikia humo ndani.

Bibi aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona.

"Mkubwa wetu hakuingia ndani, mwanangu. Yeye alishika mti."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Akiitwa Zafarani," akaendelea. "Ni mamake bibi yangu. Aliletwa kwa ndia ya bahari, angali mtoto, akauzwa nyumba ile. Hilo Zafarani ni jina alilopewa na waliomnunua. Jina la mamake hatulijui."

Hatulijui. Neno hilo nimetembea nalo wiki mbili.

Bibi alinieleza polepole, na mimi nikiandika. Zafarani alichota maji, akasaga mtama, akalea watoto wa bibi aliyemmiliki, akalala sakafuni karibu na mlango ili akiitwa asikie. Mwenye nyumba alipokaribia kufa alimwacha huru. Zafarani akaondoka na mtoto wa kike mgongoni na nguo moja. Akaja huku Langoni, akafinyanga tanuri la udongo, akaanza kuoka mikate ya mofa na kuuza. Baada ya miaka mingi akajenga. Chumba kimoja cha mawe na chokaa, kisha cha pili.

Na binti yake alipoolewa, alimpa nyumba hiyo.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika. Kumpa binti nyumba siku ya ndoa ilikuwa desturi ya mabwana wa Mkomani. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye, na mume ndiye aliyehamia. Zafarani aliiona desturi hiyo akiwa ameshika ndoo ya maji, akaichukua, akaifanya yake kwa mikono yake. Nyumba hii ninamoandikia ndiyo hiyo. Imepita kutoka mama hadi binti, na mume wangu alihamia humu kutoka Matondoni na sanduku lake moja.

Nilimwambia Mama kwamba nitayasema haya shuleni. Alikuwa akipeta mchele. Hakuniangalia.

"Mambo ya ndani yakae ndani, Rukia. Mimi nina watu ninaokaa nao. Wataniangalia vipi?"

"Si aibu yetu, Mama. Aibu ni ya waliomnunua."

"Wewe utasema kisha utarudi darasani kwako. Mimi ndiye nitakayekwenda arusini kukaa nao."

Siku tatu hakusema nami zaidi ya salamu. Usiku wa jana aliniambia kwamba hatakuja shuleni. Nakiri pia kwamba leo asubuhi nilikaribia kuzichana karatasi zangu. Hotuba ya vidaka na sahani za kale ingetosha, na kila mtu angepiga makofi.

Sikuzichana.

Ukumbi ulijaa. Nilieleza vyumba, nikaeleza shiraa, kisha nikasema, "Mkubwa wangu alikuwa mmoja wa waliobeba." Nikasoma hadi mwisho. Madam Muthoni alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha Bi Mwanakhamisi, rafiki wa Mama wa miaka yote, akauliza kutoka safu ya mbele, "Mwalimu, kwani nyinyi si wa ile nyumba ya Mkomani? Mamako ametwambia hivyo siku zote."

Jibu lolote la kweli lingemfanya Mama mwongo.

"Tumetoka huko, Mwanakhamisi." Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, buibui lake limelowa mvua. Sijui aliingia lini. "Tumetoka huko kwa mlango wa uani. Nyumba yetu iko Langoni, na aliyeijenga ni Zafarani. Mimi ni kilembwe chake."

Akaketi.

Wanawake wawili waliondoka bila kutuaga, na niliona kwamba Mama amewaona. Bi Mwanakhamisi alikuja akamshika mkono, akakaa naye. Mwanamke mmoja nisiyemjua, wa kutoka Kipungani, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba na kwao yuko mmoja kama Zafarani, na hajawahi kutajwa.

Tulirudi pamoja, Mama na mimi, tukikwepa madimbwi. Karibu na msikiti akaniambia, "Ile mikate hakuiuza sokoni kama ulivyosema. Aliuza mlangoni kwake. Alisema ametumwa sokoni maisha yake yote, sasa soko limfuate yeye."

Nikasimama. Kumbe alijua yote, na zaidi ya Bibi.

Akaniambia na jingine. Katika nyumba ile kubwa Zafarani alikula jikoni, baada ya wote, kilichobaki. Alipopata nyumba yake akaweka sharti moja, kwamba hakuna mtu atakayekula peke yake jikoni humu. Mgeni, fundi, mfanyakazi, wote sinia moja.

Maisha yangu yote nimemwona Mama akimwita dada anayetufulia aje aketi, akikataa kugusa chakula mpaka aketi. Nilidhani ni tabia yake tu.

Kesho mafundi wawili wanakuja kuziba paa linalovuja. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na sitakubali wale nje barazani.