Miezi Niliyojisifia

Mujukulu wangu Aline wa Kisangani,

Nakusalimia toka kartie yetu ya Himbi. Usicheke: kwa miaka unanizidi, lakini mimi ni mudogo wa koko yako, basi nami ni koko, babu yako, uniheshimu. Muke wangu Neema na binti yetu Daniella wangali Bukavu. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Unauliza kama ni kweli ekografi, ile mashini ya kuangalia mimba, ilimuona Daniella mudogo akiwa tumboni, kama vile imemuona mutoto wako wa tumboni. Ni kweli. Munganga alipima kichwa na mufupa wa paja, akauliza mimba ilianza lini. Mama yangu akajibu mbio: "Usiku wa ndoa!" Ni mimi nilijisifia vile kwa majirani wa kartie yote. Neema akanyamaza, maana mbele ya mama mukwe bibi-arusi habishi. Munganga akasema kwa miezi ile mutoto hakui vizuri. Neema akaanza kulia. Hapo nikasema mimi:

"Dokta, nilidanganya watu. Mimba ilikuja miezi mbili baada ya ndoa."

Munganga akahesabu upya: mutoto alikuwa sawa. Mama alinicheka mpaka nje.

Wewe umuambie munganga siku za kweli, hata mama mukwe akiwa pale. Kama mutoto bado anaonekana mudogo, urudi wapime tena, usibaki na woga nyumbani. Halafu unipigie siku ileile. Hapa nakula peke yangu, simu kando ya sahani.

Koko yako kijana,
Bahati