Kifungo Anapona, na Mimi Nasema Bado

Mshauri mpendwa, nisaidie, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye goti la mbwa, na najua wapo watakaosema huyu mama kakosa la kuumwa nalo.

Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea nyumbani, chumba cha mbele ndiyo karakana na cha nyuma ndiyo cha kulala, sina mume wala sikuzaa, lakini nimelea. Dada yangu alipopata kazi mbali aliniachia binti yake akiwa bado anatambaa, akasema nishikie kidogo nijipange, na huko kujipanga kukawa miaka, mtoto akaota meno mikononi mwangu, akaanza shule mikononi mwangu, akawa mwongeaji hata mtaa mzima unamwita Chiriku. Mwanzoni mwa mwaka huu dada akaja, kazi imetulia, nyumba ameipata, akasema sasa naweza kukaa na mtoto, na mimi ningesema nini, mshauri, mtoto ni wake, nikakunja nguo, nikafunga begi, nikacheka kwa sauti, nikasema haya, afadhali nami nipumue. Walipoondoka nikakaa kwenye cherehani nikashona pazia zima bila kugundua kwamba nimeligeuza, maua yako ndani na mgongo wa kitambaa uko nje.

Aliyebaki ni Kifungo, mbwa wa Chiriku, mdogo hivi kwamba analala kwenye kikapu cha vitambaa na nafasi inabaki, na jina alilipata kwa kumeza kifungo cha koti la mteja. Dada alisema tutamchukua tukishazoea. Sasa gari la shule lililokuwa likimrudisha Chiriku bado linapita mtaani kwetu kila alasiri, na likipiga honi pale kona Kifungo alikuwa anaruka kutoka juu ya meza ya kukatia, anakimbia mlangoni, anakaa, anaangalia, gari linapita, anarudi kichwa chini. Sikumkataza. Nimkataze kwa mdomo gani, na mimi mwenyewe nikisikia ile honi mguu wangu ulikuwa unaacha kukanyaga cherehani?

Siku moja akaruka, akateleza kwenye sakafu, akatoa mlio ambao sitausahau, na mguu wa nyuma ukawa unaning'inia kama mkono wa sweta. Daktari wa mifugo akamshika goti, akasema kano imekatika, hii haijiungi yenyewe, lazima apasuliwe. Akapasuliwa. Akarudi amenyolewa paja, ana mshono, amevalishwa kola ya plastiki kama taa ya mezani, na mimi nikapewa kazi: asiruke, asikimbie, asipande ngazi, akae sehemu ndogo niliyoizungushia, nikimtoa haja nimfunge kamba na nimpitishie taulo chini ya tumbo nimshikilie, halafu nikishalikanda goti kwa kitambaa cha uvuguvugu niukunje mguu polepole na kuunyoosha, kama daktari alivyonionyesha. Nikatandika vipande vya mazulia sakafu yote asiteleze. Jirani yangu muuza mboga alichungulia akanikuta nimepiga magoti, akasema, "Kumbe mbwa anakandwa goti! Langu nalo linauma, nilete?" Nikamwambia, "Lete, lakini kola utaivaa."

Mshauri, nilikuwa na furaha. Naona aibu kuandika hivyo juu ya mnyama mgonjwa, lakini nilikuwa na mtu wa kumwamkia. Na Chiriku, ambaye simu zake zilikuwa zimeanza kupungua, ana shule mpya, ana marafiki wapya, sasa akawa anapiga kila siku akitoka shule. "Mamdogo, ameamkaje? Amekula? Anaukanyaga?" Namwambia bado, mama, lakini amekula, anakusalimia, nami naweka simu karibu na ile kola, anamwita, na masikio ya Kifungo yanasimama. Dada naye akichukua simu anasema, "Akipona vizuri nakuja kumchukua, mtoto anamuwaza mpaka hali."

Sasa sikiliza nilichofanya. Asubuhi moja nimemtoa nje, namshikilia kwa taulo, nikahisi taulo limelegea mkononi. Nikainama kuangalia. Alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, ule mguu mbovu ukitetemeka lakini uko chini, umekanyaga udongo. Nikapiga kelele za furaha kama mwehu. Halafu furaha yenyewe haikufika hata mlangoni, nikakumbuka maneno ya dada, nikamnyanyua, nikamrudisha kwenye kizuizi chake. Alasiri simu ikaita. "Mamdogo, anaukanyaga?"

Nikasema, "Bado, mama."

Akasema, "Basi nitamwomba mama nije mimi likizo, nimfanyishe mazoezi mwenyewe. Asipoweza kuja Kifungo, nitakuja mimi, si ndiyo?"

Hapo ndipo nilipoharibika. Tangu siku hiyo kila akiuliza nasema bado, na ili neno langu lisiwe uongo mtupu nikaanza kuyalegeza yale mazoezi, leo nina kazi nyingi, kesho mteja ananisubiri, Kifungo analala tu kwenye kizuizi, ananiangalia nikipita na kile kitambaa cha kumkandia nikienda kukianika bila kukitumia. Juzi tulirudi kwa daktari. Akamshika paja, akasema limekonda, goti limekakamaa. "Unamnyoosha kama nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo, daktari."

Akaniangalia, akamwangalia mbwa. "Lisiponyooshwa sasa, atachechemea maisha yake yote." Na Kifungo akanilamba mkono palepale mezani.

Mshauri, nikisema amepona, dada anakuja kumchukua, na baada ya hapo mtoto atapiga simu kuuliza nini kwangu? Nikivuta mpaka likizo, angalau nitamwona, hata kwa siku chache, nimsuke nywele, nimsikie akiongea mpaka nimwambie hebu punguza. Nifanye nini? Mimi si mtu mbaya.

Ni mimi, Fundi wa mapazia.

JIBU LA MSHAURI

Dada fundi, sijacheka. Nimecheka pale kwa jirani na goti lake, na pale ulitaka mwenyewe. Kwingine kote nimesoma polepole. Mama mzazi akiondokewa na mtoto, watu huja kumpa pole. Wewe umeondokewa, na ukawa wa kwanza kujipongeza kwamba utapumua. Basi pole, dada. Pole sana. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na hiyo kazi uliifanya wewe.

Nimemaliza kukubembeleza. Sasa kaa chini.

Huyo mbwa amepasuliwa, ameshonwa, amestahimili kola na kamba na taulo, na siku aliyojitahidi akasimama, wewe ukamnyanyua ukamrudisha kifungoni. Kosa lake ni kupona. Unamtuma kiumbe asiyesema akakuombee mtoto kwa kuchechemea. Na mtoto wa watu huko halali vizuri, hali vizuri, akidhani rafiki yake anateseka, kumbe anateswa na mtu anayempenda kuliko wote. Hapana, dada. Upweke ni mzigo mzito, lakini haubebeshwi mbwa wa ukubwa wa kikapu.

Unaniambia wewe si mtu mbaya. Najua. Mtu mbaya asingeandika. Ila barua yako nimeirudia nikitafuta mahali ulipomwambia dada yako kwamba umemkumbuka mtoto, na mahali hapo hakuna. Ulimwambia utapumua. Amekuamini! Ulitaka akusome moyoni kupitia kicheko? Dada yako ni mtu, hana darubini. Tangu mwaka uanze mnazungumza juu ya goti, na hakuna kati yenu aliyezungumza juu yenu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kitakuwa cha mbwa anayeburuta mguu.

Fanya hivi. Kwanza, simu kwa daktari, leo, kabla hujashona hata upindo. Mwambie ukweli kwamba mazoezi uliyaacha. Usianze kumnyoosha kwa nguvu ukitaka kulipia siku zilizopita, utamuumiza. Muulize uanzie wapi, umtembeze kwa kamba kiasi gani, na umfuate. Atakugombeza kidogo. Vumilia, umeyataka mwenyewe.

Halafu Chiriku akipiga na kuuliza, mwambie, "Anaukanyaga." Mwambie pia kwamba ulichelewa kumwambia kwa sababu uliogopa simu zake zitakatika. Mtoto wa umri huo anaelewa kuogopa kuliko sisi.

Na dada yako mpigie wakati mtoto hayupo. Usianze na mbwa! Ukianza na mbwa nitajua, na nitakuja hapo mwenyewe. Sema, "Dada, nimemkumbuka mtoto, nataka kumwona." Kisha funga mdomo umsikilize. Akisema hapana, utalia, na utakuwa umelia kwa jambo la kweli. Nawe ufanye yako haraka, goti halikungoji ukamilishe aibu zako.

Jibu hilo nilimpelekea mwenyewe kabla ya kulitoa gazetini, maana mguu unaokakamaa haungoji zamu ya ukurasa wetu. Haya aliniandikia baadaye, na ameniruhusu niyatoe.

Mshauri, daktari alinigombeza kidogo, kama ulivyosema, halafu akanionyesha upya. Ilituchukua muda, mimi na Kifungo, mwanzoni akiona kile kitambaa anageuza uso, na nilistahili. Tulikuwa tunatembea kwa kamba mpaka kwa muuza mboga na kurudi, kisha mpaka kona, polepole kama wazee wawili wanaotoka hospitali. Paja linajaa tena.

Nilimpigia dada. Nikasema yale maneno uliyonipa, sikuongeza wala kupunguza. Sikuwa hata nimemaliza vizuri. Nikasikia analia, na dada yangu simjui kwa kulia.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikuwa naogopa kumleta huko. Nilijua nikimleta hatakubali kurudi na mimi. Anapiga magoti kusali ananisahau, anaanza na wewe. Nikasema ngoja azoee kwanza, azoee kwanza. Na wewe si ulisema umechoka, unapumua?"

"Nilisema tu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Tukalia wote kwa gharama ya simu, halafu tukacheka.

Walikuja likizo ilipoanza, wote wawili. Nilikuwa nimemfunga Kifungo kamba nikimshikilia kwa nguvu asirukie mtu, na Chiriku badala ya kukimbia alikaa chini pale mlangoni, akanyoosha mikono, akamngoja atembee mwenyewe mpaka alipo. Kifungo alimpa mgongo kwanza, akanusa viatu vyake, kisha akaweka kichwa chake chote kwapani mwake, na mtoto akamkumbatia. Dada alisimama nyuma yao na mabegi mkononi, ananiangalia, nami namwangalia. Siku zile tulilala watatu kitanda kimoja.

Wameondoka naye. Nilitaka iwe hivyo, nikamwonyesha Chiriku jinsi ya kukunja na kunyoosha, nikampa mazulia yote, sakafu yao inateleza. Gari lilipowashwa dada akashuka tena, akarudi mlangoni, akanishika mabega. "Kwani wewe kuja kwangu unangoja kadi ya mwaliko? Kitanda kipo. Chumba kipo. Njoo Ijumaa, na uje na mkasi wako, madirisha yangu yote yako uchi."

Nyumba ilikuwa kimya mshauri, sitakudanganya. Niliwakumbuka kabla vumbi la gari halijatua. Lakini Ijumaa nilifunga karakana mchana, nikamwambia mteja pazia lake litasubiri, nikapanda basi nimepakata kitambaa cha madirisha ya dada. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza safari ya wapi na mzigo wote huu.

Nikamwambia, "Naenda kwa mwanangu."