Kifaa Kinachoijua Barabara ya Mponde

Jumanne, mvua haijakatika

Eti nichague mwenyewe! Bosi anataka kifaa cha kuonyesha njia, maana watalii ninaowaendesha huku milimani Irente sasa nitawafikisha hadi Mombasa. Muuzaji wa Tanga akaniwekea viwili mezani. Cha kwanza kinaijua Kenya yote, lakini milima yetu hakina habari nayo.

“Chukua hiki cha pili, kaka. Kinajua mpaka kwenu.”

Nikatafuta Mponde, kijijini kwetu. Barabara ikatokea, nzima kabisa, hata pale mlima ulipoporomoka masika yaliyopita ukamfukia mdogo wangu Elia ndani ya pikapu. Muuzaji anatabasamu tu.

Nimechukua cha kwanza. Kesho bosi atauliza kwa nini.

Kile kingine kingemwambia Elia apite.