Salamu ya Idi Iliyomfikia Baba Mtu

Shoga, Ridha kaka yangu kajimaliza. Kajimaliza!

Si unamjua anavyojisifu na kompyuta? Msikitini wakamwomba awatumie waumini salamu za Idi. Akaandika programu ya kutuma nyingi kwa mpigo, kila mtu kwa jina lake. Halafu mjanja wetu akachomeka humo na salamu ya siri kwa Rukhsana, binti anayempenda: "Idi njema kipenzi, nakuwaza hata nikisujudu."

HATA NIKISUJUDU, shoga!

Sasa, ile variable, yaani kisanduku cha kushika ujumbe, aliiweka nje ya funksheni inayotuma kila salamu, ikawa ya wote. Nyuzi zote za programu, yaani kazi zinazokwenda sambamba, zikawa zinaandika humo humo kwa wakati mmoja. Uzi mmoja unajiandaa kumtumia Mzee Abbasali, baba yake Rukhsana. Mwingine umeshafuta salamu ya mzee na kuweka ile ya binti. Ikaenda kwa mzee.

Tuko mezani hapa Mississauga, simu ikalia. Ridha akaweka spika bila kuangalia ni nani anayepiga.

"Kijana, hii salamu ni ya msikiti au yako?"

Ridha akababaika. "Yangu, mzee. Lakini... si ya kwako."

SI YA KWAKO! Mama akaacha kumimina chai.

"Ya nani basi?"

Mara tukamsikia Rukhsana, huko huko kwao, anacheka mpaka anakohoa.

"Ahaa," mzee akasema. "Jumapili uje na wazazi wako."

Sasa hivi kajifungia chumbani anajaribu suti. Nimemuuliza kama ameirekebisha programu, eti haina kosa lolote!